Taa za Mlima wa Mbali

Ukisimama uani usiku, ukaona mwanga mdogo kule gizani, utajuaje kama ni koroboi iliyo karibu au karabai iliyo mbali? Macho peke yake hayatakuambia. Taa ikipelekwa mbali mara mbili, mwanga wake unaokufikia ni robo tu.

Fumbo hilo liliwasumbua wataalamu wa nyota miaka mingi. Tangu mwaka wa 1838 waliweza kupima umbali wa nyota chache zilizo karibu, kwa kuangalia jinsi zinavyoonekana kusogea kidogo dunia inapolizunguka jua. Lakini zile za mbali sana hazikupimika kwa njia hiyo.

Aliyepata ufunguo ni Henrietta Leavitt, binti wa mchungaji, aliyezaliwa Marekani mwaka wa 1868. Alifanya kazi katika kituo cha nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard. Mwanzoni hakulipwa chochote. Baadaye alipewa senti 30 kwa saa. Masikio yake yalizidi kuwa mazito. Kazi yake haikuwa kwenye darubini, bali mezani, akikagua picha za mbingu zilizopigwa juu ya vioo. Humo kila nyota ilikuwa kidoa cheusi, kama chembe ya masizi. Alilinganisha kioo na kioo, akitafuta nyota ambazo mwanga wake huongezeka na kupungua.

Mwaka wa 1908 alitoa orodha ya nyota 1,777 za namna hiyo, katika Mawingu ya Magellan, yale makundi mawili ya nyota yaonekanayo upande wa kusini. Mwaka wa 1912 alieleza habari za nyota 25 za Wingu Dogo. Aliona kwamba nyota inayochukua siku nyingi zaidi kuongeza na kupunguza mwanga wake, ndiyo yenye mwanga mkubwa zaidi. Kwa kuwa zote zimo katika wingu moja, ni kama taa za kijiji kilicho juu ya mlima wa mbali. Umbali wake kutoka kwetu ni karibu sawa. Basi ile inayong'aa zaidi machoni, ina nguvu zaidi kweli.

Naam, fumbo likafumbuka! Wataalamu wengine walipima umbali wa baadhi ya nyota za aina hiyo zilizo karibu zaidi, wakapata kipimo. Tangu hapo, ukihesabu siku za nyota utajua nguvu ya taa yake. Ukilinganisha na mwanga unaokufikia, utajua umbali wake.

Taarifa ile ya 1912 ilitiwa sahihi na mkuu wake, ingawa alisema kwamba imetayarishwa na Bibi Leavitt. Naye akafariki Desemba 1921. Mwaka wa 1923 Edwin Hubble aliona nyota ya namna hiyo katika Andromeda. Kwa kipimo kile alionyesha kwamba Andromeda ni kundi jingine kubwa la nyota, nje kabisa ya kundi letu. Leo tunajua kwamba nuru yake husafiri miaka kama milioni 2.5 kutufikia. Mwaka wa 1925 mtaalamu mmoja wa Sweden alimwandikia Bibi Leavitt barua, akitaka kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel. Hakujua kwamba amekwisha kufa.

Ndugu msikilizaji, labda nawe unafanya kazi isiyosifiwa. Unaandika vitabu vya hesabu vya ushirika, au unamwuguza mzee usiku kucha. Usiifanye ovyo eti kwa sababu hakuna atazamaye. Huenda mtu usiyemjua atapima njia yake kwa kazi yako. Na Mungu aliyeziwasha taa zile za mbali, hahitaji barua kutoka Sweden ili akufahamu.

Usiku wa leo, kabla ya kufunga mlango, tazama juu kidogo. Kesho uirudie kazi yako.