Nani Ameidhinisha Somo Hili? Mapitio ya Masomo ya Uzamili katika Vyuo vya Uvira

Mada kwa semina ya walimu na viongozi wa masomo, Uvira



Niliombwa nizungumzie namna chuo kikuu kinavyopitia na kuidhinisha mabadiliko ya masomo ya uzamili. Jambo hili likitajwa, wengi wetu fikra zinakimbilia Kinshasa: wizara, maketi (violezo rasmi) za masomo, waraka wa mwaka. Mimi nasema kazi nzito iko hapa hapa kwetu, katika kikao cha idara, na ni hapo inapoharibikia. Faili likiondoka idarani bila hoja, litapata mihuri njia nzima na hoja haitaonekana.

Mazoea ya kungoja neno kutoka juu yana asili yake. Mwezi wa nane 1971, vyuo vikuu vitatu vya nchi, yaani Lovanium ya Kinshasa, chuo rasmi cha Lubumbashi na chuo huria cha Kisangani, viliunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA. Fasihi na sayansi za jamii zikapelekwa Lubumbashi, saikolojia na elimu zikaenda Kisangani, na uongozi wote ukawa chini ya rekta mmoja. Kwa miaka kumi mkuu wa idara alizoea kwamba programu ni kitu cha kupokelewa. UNAZA ilivunjwa 1981, lakini walimu waliolelewa ndani yake ndio waliotulea sisi, na tabia hiyo tukairithi pamoja na elimu yao. Kuanzia 1989 serikali ikafungua mlango kwa vyuo binafsi, vyuo vikaongezeka haraka kuliko maprofesa, na desturi ya kupitia masomo kwa makini haikupata muda wa kuota mizizi.

Kisha ikaja LMD, yaani mfumo wa lisansi, masta na udaktari. Sheria ya elimu ya taifa, namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, ndiyo iliyoiweka, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyote vikatakiwa kuianza. Graduati ya miaka mitatu na lisansi ya miaka miwili zinaondoka. Diploma za DEA na DES zilizotangulia tasnifu ya udaktari nazo zinaondoka. Lisansi sasa ni krediti 180, masta ni krediti 120, na kila semesta ina krediti 30. Krediti moja ni saa 25 za kazi, ndani yake mkiwa na saa za darasani na saa ambazo mwanafunzi anafanya kazi peke yake.

Mabadiliko makubwa namna hiyo yalikuwa nafasi ya kuuliza kila somo: bado unahitajika? Katika idara nyingi swali hilo halikuulizwa. Somo la saa 45 liligeuzwa kuwa krediti tatu, likapewa jina la kitengo cha mafundisho, na sillabusi ikabaki ile ile, hata tarehe ya vitabu vyake haikusogea. Saa 30 za kazi ya mwanafunzi ziliandikwa kwenye jedwali bila mtu kueleza atafanya nini ndani yake, kwa vitabu gani, na nani atasahihisha. Hilo ni badiliko la karatasi.

Upande wa pili kuna badiliko lisilokuwa na karatasi kabisa, na hilo linanisumbua zaidi. Vyuo vyetu vya pwani hii ya Ziwa Tanganyika vina maasistenti wengi na washefu wa travo, lakini maprofesa ni wachache. Kwa masomo ya uzamili tunawategemea wageni kutoka Bukavu, Lubumbashi, Kisangani, na wengine kutoka Bujumbura. Mgeni anafika, anafundisha somo zima kwa siku chache, anasahihisha, anaondoka. Tunawashukuru, maana bila wao hatungekuwa na masta. Lakini profesa huyo anakuja na daftari lake. Mwaka huu somo la usimamizi wa rasilimali za asili linafundishwa kama uchumi wa madini, mwaka ujao akija mwingine linakuwa sheria ya misitu. Jina kwenye orodha ya alama ni moja, na wanafunzi wa miaka miwili iliyofuatana wanajua vitu viwili tofauti. Somo limebadilika, na hakuna baraza lililoketi juu yake.

Dawa ni fishi ya somo, ukurasa mmoja au miwili, mali ya idara na siyo ya mwalimu. Iseme somo linalenga nini, sura zake kuu ni zipi, mwanafunzi anapaswa kuwa amesoma nini kabla, saa zinagawanyika vipi, na mtihani ni wa namna gani. Mgeni apelekewe fishi hiyo pamoja na barua ya mwaliko, kabla hajapanda gari. Akiona kuna cha kurekebisha, aandike pendekezo, idara ilijadili. Uhuru wa profesa wa kuchagua mifano na njia ya kufundisha unabaki wake.

Sasa njia ya uidhinishaji. Pendekezo huanza idarani, likaenda kwenye baraza la kitivo, au baraza la seksheni kwa wenzetu wa ISP (ualimu) na ISDR (maendeleo ya vijijini). Kutoka hapo linafika kwa Katibu Mkuu wa Masomo, linapita kamati ya uongozi na baraza la chuo, na lile linalogusa programu yenyewe linapelekwa wizarani, ambako Tume ya Kudumu ya Masomo inalichunguza. Ngazi ni nyingi, na kila moja ina swali lake. Idara inauliza: elimu hii ni ya kweli, na tunaye wa kuifundisha? Kitivo kinauliza: je, somo hili halifundishwi tayari katika idara ya jirani? Katibu Mkuu anauliza kuhusu saa, krediti na fedha za mgeni. Wizara inatazama kama diploma yetu itabaki sawa na ya vyuo vingine vya nchi. Ngazi ikiacha swali lake na kutia sahihi tu, ngazi inayofuata haiwezi kuliziba pengo hilo, kwa sababu haina habari za kutosha.

Si kila badiliko lipande ngazi zote. Kuongeza sura, kubadili kitabu, kusogeza jaribio: idara iamue, iandike kwenye PV, yaani kumbukumbu za kikao, na nakala iende kwa dekani. Kubadili jina la somo, krediti zake au sharti la kuliingia: baraza la kitivo, kisha Katibu Mkuu. Somo jipya au kufuta somo: njia nzima. Chuo kikiandika mpaka huo mapema, wakuu wa idara wataacha kuogopa marekebisho madogo, na viongozi wa juu watapata nafasi ya kusoma yale makubwa.

Nichukue mfano unaotuhusu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika hapa mjini, watu wakafa, maelfu wakapoteza nyumba. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe likapanda, maji yakaingia kwenye mitaa ya ufukweni na kusumbua bandari ya Kalundu, na ng'ambo ya mpaka wenzetu wa Gatumba wakahama makao yao. Tuseme idara ya mazingira inataka kuingiza katika masta yake somo la mafuriko na mwinuko wa maji ya ziwa, krediti tatu. Sababu iko wazi kwa kila mkazi wa Uvira. Je, inatosha kuidhinisha?

Haitoshi. Semesta ina krediti 30, haina 33. Mwenye kuomba krediti tatu ataje zinatoka wapi, na hapo ndipo vikao vyetu vinaponyamaza, maana kila somo lina mwalimu wake na kila mwalimu ana heshima yake na saa zake za malipo. Nimeona mapendekezo mazuri yakifa kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema wazi kwamba somo la mzee fulani limekwisha wakati wake. Ndugu zangu, tunaweza kumheshimu mzee na bado tukaunganisha somo lake na lingine. Kikao kianze kwa kutazama masomo yote ya semesta pamoja, kitafute mahali ambapo jambo moja linafundishwa mara mbili. Mara nyingi krediti zinazotafutwa zimelala hapo.

Swali la pili ni mwalimu na zana. Kwa somo la namna hii tuna bahati ambayo vyuo vingi havina: Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, CRH, kiko hapa Uvira, mrithi wa kazi iliyoanzishwa na taasisi ya IRSAC, ile iliyoundwa 1947 na kuwa na makao yake Lwiro. Watafiti wake wanalijua ziwa hili. Idara iandikiane nao makubaliano kabla faili halijapanda: nani atafundisha, ana cheo gani, wanafunzi watatumia vipimo gani, nani atalipia mafuta ya mtumbwi wa mota. Faili linalosema tu kwamba mwalimu atatafutwa lirudishwe, hata kama limeandikwa kwa Kifaransa kizuri.

Swali la tatu ni wale waliokwisha kuanza. Mwanafunzi aliyeingia masta chini ya programu ya zamani amefunga mkataba na chuo. Somo likifutwa akiwa bado ana deni nalo, atalilipa vipi? Nimeshuhudia katika chuo kimoja wanafunzi wakifika mbele ya juri, orodha ya alama ina somo ambalo halifundishwi tena na halina mwalimu wa kulitungia mtihani. Walikaa bila diploma kwa sababu kikao kilichofuta somo hakikuandika mstari mmoja juu yao. Kwa hiyo kila uamuzi wa kufuta au kuunganisha masomo uwe na jedwali la ulinganisho: somo la zamani, somo jipya linalolibeba, na mwaka wa mwisho wa kulifanyia mtihani la zamani. Aparitora, ofisi inayotunza mafaili ya wanafunzi, wapewe jedwali hilo siku ile ile, na libandikwe mahali wanafunzi wanaposoma matangazo. Kwetu hapa, ambako vita vimewakatisha masomo vijana wengi wa Ruzizi, wa Fizi na wa nyanda za juu za Mulenge na Minembwe, mtu anaweza kurudi darasani baada ya miaka mitatu au minne. Jedwali hilo ndilo litakalomwambia ameachia wapi.

Liko jambo la majirani pia. Tangu 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya hiyo ilitangaza 2017 eneo la pamoja la elimu ya juu, chini ya usimamizi wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala. Mhitimu wetu anayevuka Kavimvira kwenda Bujumbura, au anayepanda meli ya Kalundu kwenda Kigoma, atapimwa kwa karatasi zake. Tanzania inahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza, na masta yake ni krediti 180 kwa uchache, yaani saa 1,800. Masta yetu ya krediti 120 kwa saa 25 ni saa 3,000. Anayesoma namba tu ataona ya kwetu ni ndogo, na saa zinasema kinyume. Ni fishi ya somo, yenye saa zilizoandikwa na kufanywa kweli, itakayomtetea kijana wetu mbele ya ofisi ya udahili ya Dar es Salaam. Zile saa za kazi binafsi zikiwa za jedwali tu, hatuna cha kumtetea nacho.

Kule Tanzania pendekezo la uzamili hutoka idarani, likapita bodi ya kitivo na kamati za seneti hadi seneti yenyewe, na programu haipokei wanafunzi kabla Tume ya Vyuo Vikuu haijaipa ithibati. Ninachowaonea wivu ni kwamba pale waajiri na wahitimu wa zamani huulizwa kabla mtaala haujapitiwa. Hapa Uvira hilo linawezekana bila gharama kubwa. REGIDESO, shirika la maji, wako hapa, ofisi za afya zinazopambana na kipindupindu ziko hapa, vyama vya wavuvi na vya wafugaji viko hapa, na wahitimu wetu ndio wanaofanya kazi humo. Asubuhi moja ya kuwasikiliza itaipa idara hoja ambazo kiti cha ofisini hakizitoi.

Maombi yangu kwa semina hii ni mawili. Kila idara iliyo hapa ichague somo moja la uzamili, iandike fishi yake kabla mwaka huu wa masomo haujafungwa, na kuitia kwenye PV ya kikao chake. Nao wakuu wa vyuo waagize kwamba tangu sasa pendekezo lolote la kufuta somo lisilokuwa na jedwali la wanafunzi waliokwisha kuanza lisipokelewe mezani.