Mashine Ndogo na Mashine Kubwa: Ipi Itufae Yadini?

Hotuba iliyosomwa na mfanya kazi wa reli mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi



Nimeombwa niseme habari za zile mashine za kupakia ambazo mafundi huziita skidi-loda, na ambazo wengi wetu huziita Bobcat hata zikiwa zimetengenezwa na kampuni nyingine. Mimi si injinia. Nilisoma shule ya misheni hata darasa la nane, kisha nikashika beleshi katika gengi ya njia. Lakini nimefanya kazi kando ya mashine hizi miaka sita, ndogo na kubwa, na miwili ya mwisho nimeziendesha mwenyewe. Ninasema leo kwa sababu afisi inataka kuleta moja yadini, na inasemekana itakuwa kubwa, ili ifanye kazi ya watu wengi. Halmashauri yetu itaitwa kutoa maoni. Heri tuingie huko tukijua tunalosema.

Kwanza tuijue yenyewe. Haina usukani wa kugeuza magurudumu. Ikitaka kugeuka, magurudumu ya upande mmoja huenda mbio kuliko ya upande wa pili, nayo hujiburura juu ya ardhi. Kwa hivyo huweza kuzunguka pale pale iliposimama. Dereva hukaa katikati, mikono ya chuma inapita kulia na kushoto kwake, na ndoo iko mbele ya miguu yake. Kumbukeni neno hilo la miguu, nitalirudia.

Mashine hii ilizaliwa ndogo. Mwaka 1957, huko Minnesota, Marekani, mafundi wawili wa chuma, Cyril Keller na nduguye Louis, walimtengenezea mfugaji wa bata mzinga mashine ya kuzoa samadi. Banda lilikuwa na nguzo nyingi na ghorofa ya juu, kwa hivyo ilitakiwa mashine nyepesi isiyovunja sakafu, na fupi ya kugeuka baina ya nguzo. Ile ya kwanza ilikuwa na magurudumu matatu. Yenye manne ilikuja mwaka 1960, na jina la Bobcat likaja mwaka 1962. Basi udogo haukuwa upungufu; udogo ndio uliokuwa sababu ya kuitengeneza. Ukubwa ulikuja baadaye, kwa kazi nyingine.

Sasa tulinganishe, na nitachukua mifano miwili ya kampuni moja. Ndogo, S70, ina uzito wa kilo 1,270 hivi, injini ya nguvu za farasi karibu 23, na upana wa sentimita 91. Njia yetu ya zamani ina mita moja baina ya reli na reli. Basi mashine hiyo ni nyembamba kuliko njia yenyewe. Mzigo wake uliopimwa ni kilo 345 hivi. Kubwa, S850, ina uzito wa zaidi ya tani 4, nguvu za farasi 92, na ndoo ya upana wa karibu mita 2. Mzigo wake ni kilo 1,790 hivi.

Mkiwa na chungu ya kokoto ya tani 30, kwa hesabu ya uzito peke yake, ndogo itakwenda mara 87 na kubwa mara 17. Kadhalika kubwa huinua mikono yake kiasi cha mita 3 na nusu, ikamwaga ndani ya lori refu. Ndogo hufika mita 2 na nusu tu, na ubavu wa lori huishinda. Kwa hiyo, kwa chungu kubwa mahali pa wazi na penye ardhi ngumu, mashine kubwa ndiyo yenye haki. Asiyekubali hayo hasemi kweli, na afisi itamcheka.

Lakini je, kazi ya yadi yetu yote ni chungu za kokoto mahali pa wazi? Nusu ya kazi iko ndani ya godauni, mlangoni mwa behewa, baina ya nguzo, na juu ya sakafu iliyowekwa zamani kwa ajili ya watu na mikokoteni. Tani 4 zikigeuka pale pale, magurudumu yakijiburura, hung'oa sakafu, mifuniko ya mifereji na mipira yake yenyewe. Mahali hapo ndogo hupita, na kubwa husimama nje ikinywa mafuta. Tena ndani ya nyumba iliyofungwa, moshi wa injini ni sumu, na injini kubwa hutoa mwingi zaidi.

Ndugu zangu, msidhani kwa hayo ninawaambia ya kuwa ndogo haina hatari. Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka 2019 nilikuwa katika yadi ya mwajiri mmoja, ambaye sitamtaja. Palikuwa na mashine ndogo, na mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Msimamizi akamwambia dereva azoe mchanga uliolowa, ajaze ndoo mpaka juu, maana lori linangoja. Mchanga mkavu huwa kama tani moja na nusu kwa mita moja ya ujazo; ukilowa hukaribia tani 2. Ndoo ni ile ile, lakini mzigo si ule ule. Dereva akateremka mtelemko mdogo, mikono iko juu, ndoo iko mbele. Mashine ikainuka nyuma, ikaanguka kifudifudi. Mshipi wa kiti ulikuwa umekatika tangu zamani. Yule ndugu alirushwa mbele, na ndoo ikamvunja mguu mahali pawili.

Yule mwajiri alisema ni uzembe wa dereva. Mwakilishi wetu akauliza swali moja tu: kibao cha mzigo kiko wapi? Tukakitafuta. Kilikuwa kimepakwa rangi pamoja na mashine yote, na hakuna aliyekuwa ameweza kukisoma. Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyekuwa akihesabu malori hakuhisi uzito wa ule mchanga. Aliuhisi aliyekaa kitini.

Basi jifunzeni kusoma kibao hicho. Kwa mashine ya magurudumu, mzigo ulioandikwa ni nusu ya mzigo unaoweza kuipindua. Ile nusu nyingine si ya kutumia, ni ya kutulinda. Ukiondoa ndoo na kuweka uma, mzigo huwa mbali zaidi na mashine, na kipimo hupungua. Mtelemkoni, upande mzito uelekee juu siku zote: ndoo ikijaa, ndoo itangulie kupanda, ikiwa tupu, panda kinyumenyume, maana uzito uko kwenye injini. Na mikono ibaki chini wakati wa kwenda.

Kubwa nayo ina hatari zake. Dereva haoni vizuri nyuma wala kando, na anayepita nyuma yake hapigwi na kilo 1,270, hupigwa na tani 4. Mwaka 1998 idara ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilitoa onyo juu ya mashine hizi zote. Watu walikuwa wakifa kwa kubanwa baina ya ndoo na mwili wa mashine, au chini ya mikono iliyoinuliwa, wakati wa kuingia na kutoka, na wengine kwa kupinduka. Ndiyo sababu nikawaambia mkumbuke miguu. Asitoke mtu kitini kabla ya kushusha ndoo chini na kuzima injini.

Sasa nakuja kwenye shauri. Naiomba halmashauri ipeleke mambo matatu.

La kwanza, mlango, sakafu na mzigo vipimwe kabla ya mashine kununuliwa, na wanaofanya kazi hapo wawepo. Maoni yangu ni ndogo kwa godauni, na kubwa ikodishwe siku za kokoto.

La pili, asipande mtu asiyefundishwa, na mashine isitoke bila mshipi na kibao kinachosomeka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka halmashauri ya usalama penye wafanya kazi 20 au zaidi. Sisi tumepita hesabu hiyo. Tena mtu akitoa habari ya hatari kubwa, mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha hapo kabla ya kuiondoa.

La tatu, wenzetu wa beleshi. Wao ndio wanaojua kila shimo la yadi. Wafundishwe wao kwanza kuendesha. Na kama afisi itasema kazi imepungua, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inadai ilani ya mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa kazi, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima wa kazi. Jambo hilo liwekwe mezani kabla mashine haijafika, si siku inapoteremshwa kwenye lori.

Yule ndugu wa mwaka 2019 anatembea, lakini mguu mmoja umekuwa mfupi. Alinituma niwaambie neno moja: someni kibao.

Umoja ni nguvu.