Nyama ni Halali, Lakini Je, Tuizoee?

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kijana mmoja wa hapa Tanga alinijia baada ya darsa. Baba yake ana maradhi ya moyo, na daktari amemtaka apunguze nyama. Mzee amekataa, akidai kuwa huko ni kuharamisha alichohalalisha Allah.

Ni kweli, Suratul Maida, aya ya 87, imetukataza kujiharamishia vizuri tulivyohalalishiwa. Lakini kupunguza si kuharamisha. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa ilikuwa ikipita miezi miwili pasi na moto kuwashwa katika nyumba za Mtume (S.A.W.), chakula kikiwa tende na maji. Na katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) aliwatahadharisha watu na nyama, kwa kuwa ina uraibu unaofanana na wa pombe.

Je, kuiacha kabisa ni kinga? Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2019, uliofuatilia watu wapatao 48,000 kwa takriban miaka 18, ulionesha kuwa, wakilinganishwa na walaji nyama, wasiokula nyama wala samaki walipata maradhi ya moyo pungufu kwa asilimia 22, na walaji samaki wasiokula nyama pungufu kwa asilimia 13. Lakini wale wa kwanza walizidi kwa kiharusi kwa asilimia 20. Kabla ya hapo, mwaka 2015, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka kuwa nyama za kusindikwa, mfano wa soseji, husababisha saratani ya utumbo mpana, na kwamba nyama nyekundu yaelekea kuwa hivyo.

Basi faida ipo, ila si kinga kamili. Aachaye nyama akabakia na mandazi, soda na chumvi nyingi hajajinusuru.

Njia yetu ni ya wastani. Allah ameijaalia pwani yetu samaki, kunde, mchicha, kisamvu na matembele. Hivyo ndivyo viwe chakula cha kila siku, na nyama tuifurahie katika Idi, akika na walima.

Ewe kijana, mwambie mzee wako kwa adabu: mwili ni amana, na kumsikiliza tabibu ni katika kuitunza. Suratul Aaraf, aya ya 31, imeturuhusu kula na kunywa, ikatukataza israfu.

Wabillahi tawfiq.