Kiwanja cha Nusa Penida

Msikilizaji, tubaki kidogo Indonesia, kisiwani Nusa Penida, kusini-mashariki mwa Bali. Watu wa pwani yake waliishi kwa mwani: kuufunga kwenye kamba, kuuvuna maji yakitoka, kuuanika juani, kama wafanyavyo akina mama wa Paje, Zanzibar. Siku hizi boti za watalii hutoka Sanur kila siku, na shamba kavu la mihogo, lililokuwa halitazamwi na mtu, linaulizwa bei.

Sasa, tatizo liko wapi? Sheria ya ardhi ya mwaka 1960 inampa umiliki kamili raia, si mgeni. Mgeni hupata haki ya kutumia, au hukodi kwa miaka. Wapo wanaopita uchochoroni: mgeni hulipa, kiwanja kikaandikwa kwa jina la mwenyeji kwa mkataba kati yao. Mkataba huo ni batili.

Kwa upande mwingine, kukodisha kunalipa ada ya shule na kunaleta kazi kijijini. Siyapingi hayo. Ninachohofia ni kodi ya miaka 25 kulipwa kwa mkupuo: fedha huisha, mkataba bado.

Je, mtoto anayezaliwa huko mwaka huu, akifika umri wa kujenga, atamwomba nani kiwanja?