Sabufa na masikio yetu

Tuizungumzie sabufa ya sebuleni. Hapa Moshi, mitaa ya Majengo na Pasua, nyumba zimebanana, na ukifungua sauti hadi mwisho, mtoto wa jirani halali. Huko juu Marangu na Kibosho, Desemba watu wakirudi kwao, besi hupenya migomba hadi kihamba (shamba la nyumbani) cha pili na cha tatu.

Masikio yetu wenyewe nayo yana kikomo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikipanda hadi 90, zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Seli za kusikia zilizo ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena, na dawa ya kuzirudisha hakuna.

Kipimo cha nyumbani ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye hatua moja tu akusikie, punguza. Sabufa nayo itoe kwenye kona, maana kona huiongezea besi mpaka inafunika waimbaji. Mimi naamini kabisa kwamba dansi linanoga zaidi kwa sauti ya wastani. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe lina madoido ambayo besi kubwa huyameza yote.

Masikio yakivuma baada ya sherehe, yapumzishe. Yakiendelea siku mbili tatu, tafadhali usikae nayo nyumbani, nenda ukapimwe. Hapa Moshi, hospitali ya KCMC ina madaktari wa masikio.