Mwanamke akisema, neno lake liko na uzito gani?

Mazungumuzo mbele ya wanamemba wapya, katika mwezi wa wamama



Tumeombwa kuzungumuza juu ya ufeministi. Tunajua neno hili linawapa watu wengine homa. Mutu anasema: "Ile ni mambo ya Wazungu, inakuja kuvunja ndoa zetu." Hatutamujibu kwa hasira. Tutaonesha ni wanawake gani walikaa wakafikiri jambo hili, walisema nini, na juu ya nini linatuhusu sisi vijana wa inchi yenye kuumwa na vita.

Tuanzie kwenye bara letu. Kule Aleksandria, Misri, kulikuwa mwanamke mwenye kuitwa Hypatia. Alifundisha hesabu, mambo ya nyota na falsafa, na wanaume walisafiri kutoka mbali kuja kumusikiliza. Mwaka 415 kundi la watu wenye hasira lilimuua. Lakini fungua vitabu vingi vya historia ya falsafa: utahesabu wanaume kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Mwaka 1949, kule Ufaransa, Simone de Beauvoir alitoa kitabu Le Deuxième Sexe. Aliuliza jambo rahisi: juu ya nini mwanaume anahesabiwa kuwa mutu tu, na mwanamke anahesabiwa kila mara kwa kulinganishwa na mwanaume? Jibu lake: sehemu kubwa ya kile tunachoita "tabia ya mwanamke" haikutoka tumboni mwa mama. Ilitengenezwa na malezi, desturi na sheria. Na kitu chenye kutengenezwa na watu, watu wanaweza kukibadilisha.

Sasa angalieni njia ambayo wengine walifuata. Mwaka 1972, Marekani, wanawake wenye kufundisha falsafa waliunda chama chao, Society for Women in Philosophy. Walikuwa wachache sana ndani ya vyuo vikuu, kila mumoja peke yake kati ya wanaume. Mwaka 1986 walianzisha gazeti lao la kielimu, wakalipa jina la yule mwanamke wa Aleksandria: Hypatia. Hawakungoja mutu awafungulie mlango. Walikutana, wakasomeana maandishi yao, wakakosoana bila kuogopana, wakachapisha. Sisi tunaojua kazi ya kuunda mwendo bila franka mufukoni, tunaielewa hiyo.

Na Afrika ya leo? Sophie Oluwole wa Nigeria, mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa falsafa katika chuo kikuu cha inchi yake, alitetea kwamba hekima ya wazee wetu isiyoandikwa ni falsafa ya kweli. Alikumbusha kwamba Socrates mwenyewe hakuandika kitabu hata kimoja, na bado dunia yote inamuita baba wa falsafa. Basi nani alisema maneno ya koko zetu, kando ya moto, hayana akili ndani?

Mwenzake Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí alitoa kitabu mwaka 1997, The Invention of Women. Alisema kwamba kati ya Wayoruba, mbele ya ukoloni, kilichopanga watu kilikuwa zaidi umri kuliko kuwa mwanaume ao mwanamke. Alitoa ushahidi katika luga. Sisi pia tunaweza kuelewa: Kiswahili kinasema "yeye" bila kutenga mume na muke, na "mudogo wangu" anaweza kuwa kijana ao binti. Lakini Bibi Bakare-Yusuf, Munigeria vilevile, alimujibu: luga kunyamaza juu ya kitu haioneshe kwamba kitu hicho hakiko katika maisha. Tunasema "yeye" bila kutenga, ndiyo. Lakini tunajua ni nani anaamuka saa kumi ya usiku kuteka maji.

Mwaona? Ni Waafrika, wanabishana wao kwa wao, kwa akili. Mwenye kusema ufeministi ni mawazo ya Wazungu paka, bado hajawasikiliza hawa.

Sasa tufike kwenye kiini. Mwaka 2007, mwanafalsafa Mwingereza Miranda Fricker alieleza aina mbili za udhalimu ambazo hazimwage damu lakini zinaumiza.

Ya kwanza ni udhalimu wa kutosadikiwa. Mutu anasema ukweli, lakini neno lake linapunguzwa uzito juu ya vile yeye ni. Mama anaenda kwa mukubwa wa mutaa kueleza kwamba watu wenye silaha wamepita katika shamba lake. Swali la kwanza: "Bwana yako eko wapi?" Binti anatoa wazo katika mkutano, kimya. Dakika kumi nyuma kijana anarudilia wazo lilelile, watu wanapiga makofi. Hakuna mwenye kumutukana. Lakini amefanywa kama hana kitu anachojua.

Ya pili ni udhalimu wa kukosa neno. Fricker anatoa mfano wa Carmita Wood, mama aliyefanya kazi katika chuo kikuu cha Cornell, Marekani. Mukubwa wake alimusumbua kwa kumushika-shika, mpaka akaacha kazi. Alipoomba musaada wa wasio na kazi, walimunyima, wakasema ameacha kwa sababu zake binafsi. Hakuwa na jina la kile alichotendewa. Mwaka 1975 wanawake walikutana, wakagundua kila mumoja amepitia ileile, wakaipatia jina. Ikipata jina, inaweza kuandikwa katika sheria. Hapa kwetu wanafunzi wametunga jina lao, la kuchekesha na la uchungu: "pointi za kuambukizwa kwa ngono." Lile jina ni mwanzo wa mashtaka.

Mwaka 2011, ndani ya lile gazeti Hypatia, Kristie Dotson, Mumarekani mweusi, aliongeza jambo moja. Kuna wakati mwanamke anajimeza maneno yeye mwenyewe, juu anaona wenye kumusikiliza hawataki ao hawawezi kumuelewa. Kwa hiyo tusiseme: "Wadada hawapendi kuongea." Tuulize: masikio yetu yako namna gani?

Ndugu na dada, jambo hili si la vitabu tu. Kanuni ya Familia ya 1987, kifungu 448, ilidai mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kwa matendo mengi ya kisheria. Ilidumu mpaka sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilipoibadilisha. Miaka 29 sheria yenyewe ilifundisha inchi kwamba sahihi ya mwanamke haitoshi. Karatasi imebadilika. Lakini fundisho la miaka 29 halitoke katika vichwa kwa siku moja.

Na katika vita hii, ni nani anajua zaidi yaliyotendeka? Mara nyingi ni wamama: wa shamba, wa barabara ya ukimbizi, wa kambi. Siku tutakayokuwa na tribinali kwa makosa yaliyofanyika katika inchi hii, haki itasimama juu ya ushuhuda wao. Kama tumezoea kupunguza neno la mwanamke katika mkutano wa mutaa, nani atalipa uzito mbele ya jaji? Mwenye kuomba haki kwa mdomo moja na kumuziba mwanamke mdomo kwa mkono mwingine, anawafanyia wauaji kazi ya bure.

Ndiyo maana tunawaomba wanamemba wote mambo manne:

1. Katika kila mkutano, wazo liandikwe kwa jina la yule aliyelitoa kwanza.
2. Dada asichaguliwe kila mara kuwa mwandishi ao mutunza chakula. Msemaji pia anaweza kuwa yeye.
3. Tukikusanya ushuhuda, tusimukatize mama. Tuandike maneno yake vile anavyoyasema, na kama anataka jina lake lifichwe, lifichwe.
4. Mara moja kwa mwezi, tusome pamoja maandishi ya mwanamke mwenye kufikiri, Muafrika kwanza, na tubishane juu yake kwa heshima.

Kwa viongozi wa inchi, tunakumbusha kifungu 14 cha Katiba na sheria ya usawa ya tarehe 1 Agosti 2015. Ziko zimeandikwa. Tunangoja zitumike.

Hatuombe wamama wasadikiwe bila kuulizwa. Tunaomba waulizwe kama wanaume wanavyoulizwa, na wasikilizwe mpaka mwisho. Hapo njo haki inaanzia.

Mapambano yanaendelea, na wadada wako mbele.