Mawaridi ya Kale na Majira Yake



Nimeombwa niseme habari za bustani, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonizeesha.

Huko Hampshire, Uingereza, iko bustani ya Mottisfont. Katika miaka ya 1970 Graham Stuart Thomas alikusanya humo mawaridi ya kale, mengi ya kabla ya mwaka 1900. Watu walikuwa wameyapa kisogo, maana yalipokuja ya kisasa, kama lile La France la mwaka 1867, kila mtu alitaka maua yachanuayo tena na tena. Ya kale mengi huchanua mara moja tu kwa mwaka, mwezi Juni. Majuma machache, basi! Watunza bustani wa kule huyangoja kama sisi tungojavyo mvua ya kwanza. Yakifunguka, kiangazi kimeingia, na watu humiminika kuyanusa.

Miti ya namna hiyo hapa kwetu ingetuaibisha, kwani mingi hutaka baridi kali ndipo ichanue. Lakini mwaridi wetu wa karibu na ofisi, aliotuachia mwalimu wetu wa kilimo, hutoa maua masika na vuli. Nasikia utang'olewa, ukuta mpya upite. Sigombi, ukuta wahitajika. Ila ninyi wa Kidato cha Pili, kateni vijiti vya unene wa penseli, urefu wa shibiri, mvichomeke kivulini, theluthi mbili zizame udongoni. Kisu ninacho mfukoni. Baada ya chai nitawangoja pale.